Fasihi njo kioo ya jamii: ile maneno inamaanisha nini kwetu Lubumbashi

Mutoto wa yaya wangu alikuja kwangu na kaye yake, yuko anajitayarisha na egzamini, akanionyesha mustari moja mwalimu alibaandikia ku ubao na Kifaransa: fasihi njo kioo ya jamii. Alikuwa anaijua yote mu kichwa, anaisema bila kukosa ata neno moja, lakini nilipomuuliza "sasa inamaanisha nini?" akanyamaza, kisha akasema "yomba, shiye tunaandikaka tu." Ile jibu ilinikaa mu roho siku muzima. Si kosa yake. Tunafundishaka batoto maneno makubwa na luga ya ku masomo, na mifano ya ku Ulaya, na kumbe ile jambo yenyewe iko pale mu lupango, mu kinywa ya nkambo yake, kila mangaribi.

Basi nilimueleza na Kiswahili yetu, na hapa ninaandika sawa vile nilimueleza, pamoja na mambo ingine ilinirudilia nyuma.

Bantu bengi bakisikia fasihi banawaza paka kitabu, tena kitabu ya bazungu. Fasihi ni maneno yote ile bantu banatengeneza vizuri ili ikae, isikiwe tena kesho: hadisi ya usiku, wimbo, methali, teatre, kasala ya Baluba ile banaimbaka kwa kusifu muntu na ukoo yake, riwaya, ata barua kama imeandikwa na moyo. Luga nayo njo byombo byenyewe: majina tunaitana, namna ya kuamkiana, namna ya kuomba na ya kutukana. Sasa bakisema ile yote ni kioo banataka kusema hivi: vile bantu banaishi, vile banatumika, vile banaogopa, vile banagawana chakula na cheo, inaingia mu maneno yabo, ata kama ule mwenye kusema hakukusudia. Hauwezi kuishi namna moja na kusema namna ingine myaka mingi bila luga kukufichua.

Lakini kuko mambo mbili ile neno kioo haisemi, na miye ninaona njo penye batoto banapoteaka. Kioo ya mu saloni inasahau, ukitoka mbele yake sura yako haiko tena. Luga haisahau. Inalinda sura za bantu bale balishakufa, na tunazibeba mu kinywa kila siku bila kujua. Na ya pili, kioo haijitundiki yenyewe ku ukuta, kuko muntu aliitundika, akachagua ukuta, akachagua ielekee wapi.

Chukua neno kazi. Hapa kwetu ukikuta mama mwenye kuamuka mbele jua haijatoka, anaenda ku shamba, analima, anarudi na mihogo ku kichwa, anauzisha, analisha batoto sita na ile feza, ukimuuliza "mama, unafanyaka kazi gani?" atakujibu "miye sina kazi, baba, ninalimaka tu." Ninasikiaka ile jibu tangu utoto wangu. Anatoka jasho kushinda muntu wa ku biro, lakini neno kazi haimufikie. Juu nini?

Juu neno kazi mu muji yetu ilikomalia ku mugodi. Union Minière, ile kampuni ya Babelgi ya kuchimba shaba, ilianzishwa mwaka 1906, muji ya Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, ikaanza mwaka 1910, ule mwaka reli ya kutoka kusini ilifika, na bantu ba kutumika balitafutwa mbali, Rodezia, Kasai, Maniema, Ruanda-Urundi. Ku mwanzo balikuwa banakamata banaume peke yabo, kwa myezi kidogo, kisha banabarudisha kwabo. Bengi balikufa, bengi balikimbia. Kufika mwisho wa myaka ya 1920 kampuni ikabadilisha mpango, ikaanza kutoa kontra ya myaka tatu, muntu akuje na bibi na batoto, akae mu kambi, apewe nyumba, apewe posho ya unga, batoto baende ku masomo ya kampuni, mugonjwa aende ku hospitali ya kampuni. Basi ile yote pamoja njo ikakuwa kazi. Kazi ni kuwa na namba, na nyumba, na posho, na mukubwa mwenye kuandika jina yako mu kitabu. Kulima si kazi, kuuzisha ku soko si kazi, kulea mutoto ya mwenzako si kazi, ile ni kujitafuta tu. Na mwaka 1967 ile kampuni ikaingia mu mukono ya serikali, nyuma yake ikakuwa Gécamines, na bantu balikuwa banaiita baba na mama. Si mushairi alitunga ile maneno, ni bafanyakazi benyewe na bibi zabo. Sikiliza vizuri: muntu muzima, mwenye ndevu na batoto, anaita kampuni baba yake. Kama unataka kujua namna gani bantu balikuwa banaishi mu zile kambi, hauna lazima ya kuanzia mu archive, anzia pale.

Mwaka 2003 bantu zaidi ya 10,000 balitoka ku ile kazi kwa mara moja, mu mpango ile ilipewa jina ya kuondoka kwa mapenzi ya muntu mwenyewe. Myaka mingi imepita. Lakini kijana wa leo mwenye kuchimba na mikono yake, ao mwenye kutembeza pikipiki kuanzia asubui mpaka usiku, ukimuuliza atakuambia bado "niko natafuta kazi." Kazi ya nkambo yake ilishaka kuisha, ile neno bado inasimama, inamupima yeye na kipimo ya muntu mwingine. Miye ile inaniumiza, na njo sababu ninasema kioo ya luga haisahau: bantu balibadilisha maisha na luga ikabaki inabaonyesha sura ya zamani, na banajiona badogo mbele yake.

Upande ingine ya ile kioo. Wakati ya ukoloni kulikuwa tubitabu tudogo twa kufundisha muzungu Kiswahili, ili akifika ajue kusema na bafanyakazi. Ukifungua moja utaona namna amri imejaa: leta maji, fagia hapa, piga pasi, nyamaza, kwenda mbio. Muntu mweusi mu ile kurasa anaitika. Ni mara haba sana utamuona anauliza jambo, ao anasema ile anawaza, ao anakatala na kueleza sababu. Sasa ukisoma ile tukitabu peke yake utafikiri Kiswahili ni luga ya amri, na kumbe mu makao ya bantu beusi, mu Kamalondo, ku Katuba, mu ile luga yenyewe bantu balikuwa banapendana, banagombana, banazika bafu, banafanya ndoa, banacheka. Kioo ilikuwa inaelekea ku jikoni ya muzungu, na penye haielekei hauoni kitu.

Kisha, mwaka 1965, kukatokea andiko moja ninaipendaka kuliko yote. Inaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, aliiandika André Yav kwa jina ya chama ya bantu bale balitumikaka mu nyumba za bazungu, bale balikuwa banaitwa maboyi ata kama wako na mvi. Jina yake ni ya Kifaransa na inasema ni orodha ya maneno, lakini si orodha ya maneno, ni historia ya muji, tangu wakati ya mufalme Leopold, na yote iko na Kiswahili yetu ya hapa, ile ya mu kinywa. Bale bale ba "leta maji" njo balikamata sasa kalamu. Johannes Fabian, mwalimu mwenye alichunguza sana Kiswahili ya Katanga, ile jimbo yetu, aliitoa mu kitabu mwaka 1990, na Kalundi Mango alimusaidia, na leo ile maandiko iko ku intaneti kwa kila mwenye kutaka.

Siku ya kwanza niliifungua sikusikia kitu. Maneno imekatwa penye hauwazii, mbili imeshikana kama moja, moja imepasuka mara mbili, nukta haipo penye unaingojea, nikawaza ni mashini ilikosea. Nikatoka na zile kurasa mu lupango, kulikuwa papa jirani, muzee, anakaa ku kiti yake chini ya muembe, nikamuambia "papa, nisikilizieni kidogo hii," nikaanza kusoma na sauti. Nikasoma mustari ya kwanza vibaya, akanikataza na mukono, "hapana, hapana, pumuzika pale, kisha endelea." Nikarudilia. Na ile wakati maneno yote ikafunguka! Ile maandiko haikuandikwa kwa macho, iliandikwa kwa masikio, kila mukato iko penye muntu anavuta pumzi. Papa akaanza kuitika "ee, ee, ni vile," sawa vile muntu anaitikia mwenzake ku matanga. Ata Fabian na Kalundi balisaidiwa na ile njia, ya kusoma kwa sauti kwanza, ndiyo bapate maana.

Ninaleta ile habari juu inaonyesha jambo ile kaye ya mutoto haionyeshi. Si habari tu mu ile andiko njo kioo, ata namna ya kuandika ni kioo. Ile kukosa nukta inakuambia hawa ni bantu bale habakupewa masomo ya kutosha, na pia inakuambia habakungojea ruhusa. Balikuwa na jambo ya kusema kwa batoto babo na baliisema na luga ile batoto babo banasikia. Kama mwalimu wa sarufi angekamata kalamu nyekundu akatengeneza kila mustari, tungepata kitabu safi na tungepoteza bale bantu.

Sasa angalia fashi moja ya hatari, penye bengi banakoseaka. Kioo ya fasihi si foto. Wakati ya ukoloni mu Katanga kulikuwa habari za batumbula. Balisemaka kuko bantu banatumwa na bazungu, banatembea usiku, banakamata mweusi mwenye kutembea peke yake, na ule muntu anaenda kukulibwa. Batoto balikuwa banakatazwa kutoka inje na giza juu ya batumbula. Ukisoma ile na macho ya foto utasema ni bujinga, hakuna muzungu alipika muntu mu sufuria. Lakini weka ile hadisi pembeni ya maisha ya ile wakati: banakuja mu mugini, banachukua banaume benye nguvu, bengine habarudi, barua haifiki, kaburi haionekane, na muzungu yeye anaendelea kunenepa. Mama mwenye mutoto wake alipotea ku mugodi angetumia neno gani? Kukula njo neno ilikuwa karibu. Habari haikukuwa kweli sawa ripoti ya polisi, na ilikuwa kweli sawa kilio. Njo namna fasihi inaonyesha tabia ya bantu: inaonyesha woga yabo, tamaa yabo, hasira yabo, bile bintu hakuna karani mwenye kuandika.

Mufano ingine si ya maneno peke yake, lakini siwezi kuiacha. Mu myaka ya 1970, ukiingia mu saloni ya bantu mingi hapa Lubumbashi, ku ukuta ulikuwa unakuta picha ya rangi ile banaitaka Colonie belge: mufungwa amelala chini, polisi mweusi anamupiga fimbo, muzungu wa serikali anasimama anaangalia, bibi za bafungwa banalia pembeni, bendera ya Ubelgiji iko juu. Zile picha bantu balikuwa banaziita ukumbusho. Tshibumba Kanda Matulu, mwenye alichora historia muzima ya inchi, aliandika ku zake "Colonie belge 1885-1959". Mwenye kujua sheria atasema ni kosa, juu kuanzia 1885 mpaka 1908 inchi ilikuwa ya Leopold peke yake, Ubelgiji iliikamata 1908. Ni kweli ya sheria. Lakini ule mwenye kulala chini, mugongo wake haikujua kama mwaka 1908 kitu kilibadilika. Fimbo ilibaki fimbo. Mu zile tarakimu mbili kuko mawazo ya bantu mingi kushinda mu kurasa kumi za kitabu ya masomo, na zilikuwa zinatundikwa mu saloni, penye bageni banakaa, penye familia inakulia, kila siku.

Na juu tunasema kukula, sikia vile ile kitendo inatembea mu luga yetu. Tunakula bukari na sombe, sawa. Lakini tunasema pia muntu alikula feza ya chama, alikula deni, na Babemba banasema ukulya ubufumu, maana yake kuingia mu busultani, kukula ile cheo. Kuko na ile methali bantu banasemaka na Kifaransa, ya kama bukubwa inakuliwa muzima, haigawanywi. Kundi ya teatre ya Mufwankolo, bale banajulikana sana hapa kwa michezo ya Kiswahili ku radio na ku televisheni, mwaka 1986 balikamata ile methali bakaitengenezea muchezo. Habakuwa na karatasi ya kusoma, balikuwa banakaa, banabishana methali inataka kusema nini, kila muntu anatia mufano yake, kisha banacheza mbele ya bantu. Ninawazaka sana juu ya ile kubishana. Hapo fasihi ilikuwa inafanya zaidi ya kuonyesha: bantu balikamata neno ile balikuwa banasema kila siku, baliiweka katikati, banaizunguka, banaulizana kama ni vile tunapashwa kuishi. Kioo ya kawaida haiwezi ile. Ukijiangalia mu kioo ya kawaida, haikuulizi kitu.

Sasa usikimbie kusema "methali inasema hivi, basi bantu bako hivi." Kiswahili inasema haraka haraka haina baraka, na Kiswahili ile ile inasema chelewa chelewa utamukuta mwana si wako. Banaongopa wapi? Hakuna penye banaongopa. Jamii si muntu moja, iko na baba mwenye subira na mama mwenye haraka, iko na mwenye kukula na mwenye kukuliwa, na kila moja alitia neno yake mu kikapu. Ukikuta methali, uliza nani anaisema kwa nani. Mukubwa mwenye kulipa mwisho wa mwezi anasemaka subira inavuta heri. Ule mwenye kungojea malipo anasemaka ingine.

Nilimaliza kumueleza mutoto, nikamuambia aende na kaye yake, asifungue kitabu, akae na nkambo yake siku mbili na aandike paka maneno ya kitu moja, achague mwenyewe. Alichagua feza. Alirudi na kurasa moja. Nkambo alimuambia feza, ile neno ilikujaka na bantu ba biashara kutoka ku pwani, na kule maana yake ya kwanza ni kile chuma cheupe cha kutengeneza mapambo. Kisha falanga, kutoka ku faranga ya Babelgi. Kisha makuta, ile sarafu ya mwaka 1967, makuta mia moja ilikuwa zaire moja. Zaire yenyewe ilikufa mwaka 1998, faranga ikarudi, na makuta bantu banaendelea kuitumikisha mu kinywa ata kama batoto habajapata kuiona mu mukono. Kisha dolare, juu nyumba, kiwanja, mahari, banahesabu na dolare, na nyanya na chumvi banahesabu na falanga. Mutoto akaniangalia, "yomba, bantu habaamini falanga kwa bintu bikubwa?" Hakuna mwenye alimuambia ile, aliona mwenyewe ku kaye yake.

Chini ya dolare aliacha mustari moja haina kitu. Nikamuuliza ile ni ya nini, akasema ni ya ile feza ya mu telefoni, nkambo hakujua namna ya kuiita, na yeye pia, banasemaka tu "nitumie." Tukabaki pale tunatafuta jina.